Nyota Wengi, Kombe Hakuna

Timu yaweza kucheza mashindano mazima bila kufungwa hata bao moja, ikafika fainali, ikamaliza dakika 120 nyavu zake hazijaguswa, na bado ikarudi kwao mikono mitupu. Ndivyo yalivyowafika Ivory Coast mwaka 2012. Katika Kombe la Mataifa ya Afrika lililochezwa Gabon na Guinea ya Ikweta, waliwashinda Sudan, Burkina Faso, Angola, Guinea ya Ikweta na Mali, wala hapana aliyewafunga wao. Usiku wa tarehe 12 Februari, mjini Libreville, wakatoka sare ya 0–0 na Zambia, kisha wakapoteza kwa mikwaju ya penalti, 8 kwa 7.

Tangu hapo, kila mashindano yakimalizika, yawe ya Afrika au ya dunia, vijana wetu nyumbani hawaachi kuuliza: wale walikuwa na kila mtu, walikosa nini? Sisi, dada watatu na wifi yetu tunaoishi pamoja hapa Kuze, tumelizungumza swali hilo mara nyingi huku tukichambua mchele au tukikanda unga wa mahamri. Wako watakaoshangaa kwamba wanawake wa makamo yetu wanakesha kwa ajili ya mpira. Lakini runinga iko ukumbini, ukumbi ni wetu sote, na mzazi asiyejua kinachomliza mwanawe usiku wa manane atajua lini?

Kwanza tuwataje waliokuwemo katika kikosi kile. Didier Drogba na Salomon Kalou walikuwa Chelsea. Yaya Touré na kakaye Kolo walikuwa Manchester City, na Yaya alikuwa ndiyo kwanza atawazwe mchezaji bora wa Afrika wa mwaka 2011, taji ambalo Drogba alikwisha kulitwaa mara mbili. Gervinho alikuwa Arsenal, Cheick Tioté Newcastle. Mataifa mengi ya bara hili yangejivunia kuwa na mmoja tu wa hao. Na haikuwa mara ya kwanza kwa kizazi kile kuvunja mioyo ya wapenzi wake. Mwaka 2006 walipoteza fainali kwa Misri mjini Cairo, pia kwa penalti. Mwaka 2008 Misri hao hao wakawafunga 4–1 katika nusu fainali kule Kumasi. Mwaka 2010 wakatolewa na Algeria katika robo fainali, na mwaka 2013, mwaka mmoja tu baada ya Libreville, wakatolewa na Nigeria katika hatua iyo hiyo.

Jawabu jepesi, nalo ndilo linalotoka kwanza vinywani mwa vijana, ni kwamba wachezaji hawa wameshiba. Wana fedha, wana majina, nchi zao haziwaumi tena. Hilo tunalikataa, na tunalikataa hasa kwa hawa. Nchi yao ilikuwa imegawika pande mbili kwa vita tangu mwaka 2002, kaskazini na kusini. Oktoba 2005, walipokwisha kuwafunga Sudan mjini Omdurman na kupata tiketi yao ya kwanza ya Kombe la Dunia, Drogba alishika kipaza sauti katika chumba cha kuvalia, wenzake wamemzunguka, wakapiga magoti mbele ya kamera na kuwasihi wananchi wao waweke silaha chini. Waliopiga magoti walikuwa Waislamu na Wakristo, wa kaskazini na wa kusini. Juni 2007 wakaenda kucheza na Madagaska mjini Bouaké, ngome ya waasi, wakashinda 5–0 mbele ya watu ambao kwa miaka mitano hawakuwa wameiona timu yao. Mtu asiyeipenda nchi yake hafanyi hayo.

Twaona basi kwamba mzigo waliobeba ulikuwa mzito kuliko mpira. Vijana wale walitarajiwa kulipatanisha taifa na pia kuleta kombe, na kila mwaka kombe lilipokosekana deni likaongezeka. Katika fainali ya 2012 Drogba alipata mkwaju wa penalti dakika ya 70, akaupaisha juu ya lango. Mtu huyo huyo, miezi mitatu baadaye, alipiga mkwaju wa mwisho uliowapa Chelsea ubingwa wa Ulaya mjini Munich. Mguu ni ule ule. Hatuwezi kuingia moyoni mwa mtu, lakini si vigumu kukisia kwamba Libreville alikuwa amebeba kitu ambacho Munich hakuwa nacho.

Hata hivyo mzigo peke yake hautoshi kuwa sababu, maana Misri nao walikuwa na wa kwao. Hapa ndipo palipotushughulisha zaidi. Misri walitwaa kombe hilo mara tatu mfululizo, 2006, 2008 na 2010, na wachezaji wao wengi hawakutoka Ulaya bali Cairo na Ismailia: Al Ahly, Zamalek, Ismaily. Mlinda lango Essam El-Hadary, beki Wael Gomaa na kiungo Mohamed Aboutrika walikuwa wa Al Ahly, klabu iliyotwaa ubingwa wa klabu za Afrika 2005, 2006 na tena 2008. Walipoitwa timu ya taifa hawakuwa na haja ya kujuana. El-Hadary alijua Gomaa atageukia upande upi kabla hajageuka. Wenzao wa Ivory Coast walikutana Januari, katikati ya msimu wa Ulaya, kila mmoja akitoka kwa kocha wake na mfumo wake, wakawa na siku chache tu za kujifunza kuwa timu.

Tena Misri walikuwa na kocha mmoja katika makombe yote matatu, Hassan Shehata. Ivory Coast, katika mashindano matano ya Afrika kuanzia 2006 hadi 2013, walikuja na makocha watano: Henri Michel, Gérard Gili, Vahid Halilhodžić, François Zahoui na Sabri Lamouchi. Kila mmoja alikuta chungu jikoni, akakimwaga, akaanza upya. Wahenga wa bahari walisema manahodha wengi chombo huenda mrama. Hapa manahodha walipishana tu, mmoja akishuka mwingine akipanda, na chombo kikaenda mrama vile vile.

Kisa kimoja cha mwaka 2006 tunakipenda kuliko vyote. Misri walikuwa na nyota wao wa Ulaya pia, mshambuliaji Mido, aliyekuwa akichezea Tottenham. Katika nusu fainali na Senegal, mambo yakiwa 1–1 na muda ukiyoyoma, Shehata aliamua kumtoa. Mido alikasirika, akamkabili kocha wake pembeni mwa uwanja, wakarushiana maneno mbele ya watazamaji wote wa Cairo. Aliyeingia badala yake aliitwa Amr Zaki. Kabla ugomvi haujapoa, Zaki akaruka, akapiga mpira wa kichwa, ukaingia. Misri wakashinda 2–1. Chama cha mpira cha Misri kikamfungia Mido miezi sita, fainali ikachezwa bila yeye, na kombe likapatikana.

Hatusemi kwamba Mido alikuwa mchezaji mbaya. Alikuwa mzuri, na huenda kama angebaki uwanjani angefunga yeye. Tunalosema ni kwamba kocha aliweza kumwondoa nyota wake mkubwa kuliko wote, nchi nzima ikitazama, na nyumba isianguke. Nyumba isingesimama lau ingekuwa imejengwa juu ya mtu mmoja.

Wasomaji watakumbuka pia kwamba timu ile ilikuwa ikisujudu uwanjani kila ipatapo bao, hata Wamisri wakaiita timu ya wenye kusujudu. Tulifurahi kuwaona. Lakini tuwe waadilifu: vijana wale wale waliosujudu Cairo, Accra na Luanda hawakufuzu hata Kombe moja la Dunia miaka hiyo yote. Wala tusisahau kwamba katika kikosi cha Ivory Coast walikuwemo Waislamu pia, ndugu Touré wakiwa miongoni mwao. Kushinda na kushindwa ni kudra, na mja hana budi kuitafuta sababu iliyo mikononi mwake.

Sababu iliyo mikononi mwetu tuliiona kwa macho yetu nyumbani, na ndiyo iliyotufanya tuandike.

Miaka michache iliyopita mama yetu alipatwa na kiharusi. Upande wake wa kushoto ukalala, maneno yakawa mazito, akawa hawezi kujigeuza kitandani. Ndugu zetu wa mbali wakaja wote kwa mara moja: kaka yetu muuguzi kutoka Doha, kaka mhasibu kutoka Nairobi, na dada aliye Birmingham, ambaye kazi yake huko ni kuwatunza wazee. Ukiwaandika majina na vyeo vyao kwenye karatasi, hakuna familia ya mtaa wetu ambayo ingekuwa na kikosi bora zaidi. Walikuwa na siku kumi.

Siku tatu za kwanza zilikuwa nzito. Kaka wa Doha alizoea kitanda cha hospitali kinachopanda na kushuka. Mama alilala kwenye samadari yake ya miaka mingi, refu na pana, ambayo haipandi wala haishuki. Dada wa Birmingham alitaka mama aogeshwe kwa utaratibu wa huko, watu wawili na kifaa cha kumwinua ambacho hatukuwa nacho. Kaka wa Nairobi alitaka kuajiri mtu, na alikwisha kupiga hesabu za miezi sita. Kila mmoja alisema kweli. Hakuna hata mmoja aliyesema upuuzi. Na mama alikuwa akigeuzwa na mikono mitatu inayovutana, akiguna kwa maumivu.

Siku ya nne akaja mjomba, ndugu wa mama, mtu wa maneno machache. Aliketi ukumbini, akanywa kahawa yake hadi ikaisha, ndipo akauliza: "Wanangu, mwezi ujao nani atakuwa hapa?"

Kimya. Kisha akamwita wifi yetu, mke wa yule kaka wa Doha, atoke jikoni. Akamwuliza mama hugeuzwa vipi. Wifi akaeleza, kwa aibu kidogo kwa kuwa mumewe alikuwa amekaa pale: mama hashikwi mkono wa kushoto kamwe, husukumwa kwa mto chini ya kiuno, na lazima aambiwe kwanza, maana akigeuzwa ghafla hushtuka na mwili ukakaza. Uji hupewa akiwa ameketi wima, uwe mzito, kijiko kidogo kidogo, kwa sababu mwepesi humpalia. Hakusomea. Aliyajua kwa kuwa alilala chumba kimoja na mama tangu usiku wa kwanza.

Mjomba akasema huyu ndiye atakayepanga, na wengine wamsikilize. Kuanzia hapo mambo yakageuka. Kaka yetu, muuguzi mwenye vyeti vyake, akapewa kazi ya kushika miguu wakati mama akigeuzwa, basi. Akaishika, mkewe akihesabu moja, mbili, tatu. Jioni alitufundisha kuangalia ngozi ya mgongo na visigino kwa tochi, tukaona wekundu unaoanza kabla haujawa kidonda. Dada wa Birmingham aliandika ratiba ya kumgeuza kila saa mbili, ikabandikwa ukutani, na ikabaki pale hata baada ya yeye kuondoka. Kaka wa Nairobi aliacha hesabu zake za miezi sita na akashika daftari la dawa na nepi. Mama aliishi nasi miaka miwili zaidi, Mungu amrehemu, na mgongo wake haukupata kidonda hata kimoja.

Tunaposema basi kwamba timu ya nyota hukosa mtu wa kushika miguu, tunajua tunachokisema. Mchezaji anayepigiwa pasi na kila mtu katika klabu yake hujikuta, kwa wiki nne za mashindano, akitakiwa akimbie bila mpira ili mwingine apate nafasi. Wengine hukubali. Wengine huona kwamba wameshushwa. Na kocha asiye na kauli kama ya yule mjomba hatathubutu kuwaambia.

Haya si ya Afrika pekee. Uingereza ya miaka ile ile ilikuwa na Steven Gerrard, Frank Lampard, Rio Ferdinand, John Terry na Wayne Rooney, na haikuvuka robo fainali. Ferdinand amesimulia hadharani kwamba yeye na Lampard walikua pamoja West Ham wakiwa marafiki, lakini mmoja alipokuwa Manchester United na mwingine Chelsea waliacha kuzungumza, na kwamba uadui wa klabu waliuingiza katika kambi ya taifa. Watu wazima, wamekaa meza moja ya chakula, na kila mmoja anachunga asitoe siri ya nyumba yake nyingine! Sisi ambao tumeona ndugu wakiacha kusemezana kwa sababu ya wake zao au maduka yao hatushangai sana.

Ufaransa ya mwaka 2002 ndiyo huwachekesha vijana. Walikuwa mabingwa wa dunia na wa Ulaya. Walikwenda Korea na Japani na wafungaji bora wa ligi tatu: Thierry Henry wa Uingereza, David Trezeguet wa Italia na Djibril Cissé wa Ufaransa. Walicheza mechi tatu, wakafunga mabao sufuri. Kweli Zinedine Zidane alikuwa ameumia, akacheza mechi moja tu tena akiwa na bendeji pajani. Lakini waliowafunga katika mechi ya kwanza, Senegal, karibu wote walikuwa wakicheza katika ligi ya Ufaransa yenyewe. Hapo ndipo tunaporudi nyuma kidogo na kurekebisha maneno yetu: kucheza ughaibuni si ila. Senegal walitoka ughaibuni karibu wote, wakacheza kama watoto wa uani mmoja. Umbali hauiharibu familia isipokuwa pale kila mmoja anaporudi akidhani nyumba ilimngoja yeye.

Turejee Libreville. Zambia waliokutana na Ivory Coast usiku ule hawakuwa na majina. Wengi wao walicheza kwao Zambia, Afrika Kusini, au TP Mazembe ya Lubumbashi. Lakini kila mmoja alijua amefika mahali gani. Aprili 1993 ndege iliyobeba timu ya taifa ya Zambia ilianguka baharini muda mfupi baada ya kuruka kutoka mji huo huo, wakafa watu wote 30 waliokuwemo, 18 kati yao wachezaji. Kalusha Bwalya alinusurika kwa kuwa alikuwa akicheza Uholanzi na angesafiri peke yake. Mwaka 2012 Kalusha alikuwa rais wa chama cha mpira cha Zambia, na kabla ya fainali wachezaji walikwenda naye ufukweni, wakaweka maua majini kwa ajili ya waliotangulia.

Mechi ilipoanza, beki wao Joseph Musonda aliumia mapema, akatoka akilia. Usiku ukaenda, penalti zikapigwa, Kolo Touré akaukosa wake, Gervinho akaukosa wake, na Stoppila Sunzu akaufunga wa mwisho. Wenzake walipokuwa wakikimbilia katikati ya uwanja, kocha Hervé Renard alikwenda pembeni, akambeba Musonda mikononi kama mtoto, akampeleka walipo wengine.

Sisi tuliokuwa tukiwapenda Ivory Coast tulilia kidogo, hatufichi. Lakini hatukuona dhuluma.

Miaka miwili baadaye Ivory Coast walimchukua Renard huyo huyo kuwa kocha wao. Drogba alikuwa amestaafu timu ya taifa. Ndugu Touré walikuwepo, Yaya sasa akiwa nahodha; Gervinho pia alikuwepo. Tarehe 8 Februari 2015, mjini Bata, wakafika fainali na Ghana, na ikawa tena 0–0, tena penalti. Wakakosa mikwaju miwili ya mwanzo. Tulidhani ni yale yale. Tusidanganyane: mikwaju ni jambo la bahati pia, na lau Ghana nao wasingekosa miwili, tungekuwa tunaandika makala nyingine. Lakini walikosa, na foleni ikaendelea mpaka wachezaji wote wa ndani wakamalizika, wakabaki walinda lango wawili.

Wa Ivory Coast aliitwa Boubacar Barry. Alikuwa langoni katika fainali ya 2012, na mwaka huu alikuja kuwa wa akiba. Alicheza fainali hii kwa sababu kipa wa kwanza aliumia. Gervinho, aliyekosa mkwaju Libreville, alikuwa ameshatolewa uwanjani, akaketi kwenye kiti ameupa mchezo mgongo, hakutaka kuona. Barry akauzuia mkwaju wa kipa wa Ghana. Kisha akauchukua mpira yeye mwenyewe, akauweka kwenye alama, akarudi nyuma hatua chache, na akafunga.